Kufundisha sayansi mkoa wa pembezoni: kabla hujapanda basi

Mwalimu wa Fizikia anayetafuta kazi mkoa wa mbali huanza na swali lisilomsaidia: huko ni mbali kiasi gani? Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000, na basi litakufikisha. Kinachokuja kumchosha mwalimu ni kile kipande cha mwisho, kutoka shuleni hadi makao makuu ya halmashauri. Huko ndiko kwenye benki, hospitali ya wilaya, ofisi ya Afisa Elimu Sekondari na afisa utumishi anayeshughulikia mshahara wako. Mwalimu wa Katavi ambaye shule yake iko mwendo wa nusu saa kutoka Mpanda mjini anaishi karibu kuliko mwenzake wa delta ya Rufiji, mkoa wa Pwani, anayesubiri maji yajae ndipo apate boti ya kumtoa kwenda Kibiti. Kwa hiyo usikimbie jina la mkoa. Chunguza kituo.

Maneno haya ni kwa ajili yako uliyesomea Fizikia, Kemia, Baiolojia au Hisabati, uwe na shahada au stashahada, ambaye uko tayari kwenda Katavi, Rukwa, Kigoma, Songwe au Lindi. Katavi nitaitaja mara nyingi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa sababu una kila aina ya kituo: cha mjini, cha barabarani, cha porini na cha kando ya Ziwa Tanganyika.

Mlango wa serikali

Nafasi za serikali sasa zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wake wa Ajira Portal. Waliohitimu zamani walizoea kuomba TAMISEMI na kusubiri majina. Siku hizi kuna usaili, na walimu wameshaufanya: wa kuandika kwanza, ambao ndio mchujo, kisha wa mahojiano. Tangazo likitoka tafuta kada yako kwa jina lake kamili. Mwenye shahada ni Mwalimu Daraja la III C, mwenye stashahada ni III B, na somo limetajwa mbele yake. Ukiwa na masomo mawili, mathalani Fizikia na Hisabati, soma sifa za kila nafasi kabla ya kubofya, maana kuna nafasi inayotaka somo hilo liwe ndilo ulilobobea.

Wengi hawaangushwi na maswali ya usaili. Wanaangushwa na karatasi. Hati ya matokeo ya muda ya kidato cha nne haikubaliki, kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kama cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina moja na cheti cha NECTA jingine, huna budi kuwa na hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku moja. Namba ya NIDA lazima isomeke na majina yaleyale. Aliyesomea nje ya nchi anahitaji shahada yake itambuliwe na TCU, na cheti chake cha sekondari kifanyiwe ulinganifu NECTA. Maliza haya yote wakati hakuna tangazo. Tangazo likishatoka, foleni kwa mawakili na kwenye ofisi za vizazi na vifo huwa ndefu, na mtandao wenyewe unazidiwa siku za mwisho.

Jambo jingine dogo lenye gharama kubwa ni anuani ya makazi kwenye akaunti yako. Usaili wa walimu umekuwa ukifanyika mikoani, na mkoa ulioandika ndio utakaokuita. Kijana aliyehama Mwanza akarudi kwao Ruvuma bila kubadilisha anuani atajikuta anatafuta nauli ya kuvuka nchi kwa karatasi ya mtihani ya saa moja.

Kwa njia hii huchagui mkoa, unapangiwa. Lakini kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwako. La kwanza, ukifaulu usaili ukakosa nafasi, jina lako hubaki kwenye kanzidata na unaweza kuitwa baadaye nafasi ikijitokeza, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo. La pili, ukishapangiwa halmashauri, shule mahususi mara nyingi huamuliwa na halmashauri yenyewe. Hapo ndipo pa kuongea, kwa heshima na mapema, kabla barua ya kituo haijachapwa.

Kuomba ni bure. Atakayekupigia akisema ana mtu Dodoma, anataka laki tatu za “kusukuma faili”, ni tapeli hata kama anakujua jina na somo lako. Majina ya walioitwa usaili hutangazwa hadharani, na huko ndiko anakoyachukua.

Shule binafsi na za dini

Watu husahau kwamba mikoa ya pembezoni ina seminari na shule za mashirika ya dini, baadhi zikiwa kongwe kuliko mkoa wenyewe. Hizi hazitangazi sana. Mkuu wa shule anamuuliza mwalimu aliyepo: humjui mtu wa Kemia? Ndiyo maana mwanafunzi wa chuo aliyefanya mazoezi ya kufundisha huko Sumbawanga au Kasulu ana nafasi kubwa kuliko mwenye alama za juu ambaye hajawahi kuvuka Morogoro. Kama bado uko chuoni, omba mazoezi yako yajayo yawe kwenye mkoa unaoufikiria. Utalipia nauli, lakini utaondoka na namba za simu za watu watano wanaoijua kazi yako.

Msimu wa kutafuta ni Novemba na Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari, na tena kuelekea Julai wanapoingia kidato cha tano. Andika barua fupi: masomo, madarasa uliyofundisha, kama unaweza kuendesha mazoezi ya maabara peke yako, na kama uko tayari kuishi shuleni. Hilo la mwisho litaje wazi. Shule ya bweni iliyo mbali na mji inamtaka mwalimu atakayekuwepo usiku wa kujisomea, na wewe unayekubali kuishi pale umeshawapita nusu ya waombaji.

Wakikuita watataka uingie darasani ufundishe somo moja wakiangalia. Usichague mada ngumu ili uonekane msomi. Chagua ile unayoweza kuionyesha kwa kitu kinachoshikika.

Halafu mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo kuomba karatasi si ujeuri. Angalia kama mshahara unaendelea likizo ya Juni na Desemba, kwa sababu kuna shule zinazolipa miezi ya masomo tu na husemi chochote kwa kuwa hukuuliza. Angalia kama michango ya NSSF inapelekwa kweli, na usisubiri mwaka uishe ndipo uangalie taarifa yako ya michango. Nyumba, je, ni sehemu ya mshahara au ni nyongeza? Na ukiachishwa kazi isivyo halali, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huisha upesi ukiwa kijijini unasubiri hasira ziishe.

Kujitolea nako ni mlango, ila mwembamba. Shule za kata zenye upungufu humchukua kijana, na wazazi wanachanga kidogo apate chakula. Ni njia nzuri ya kutoshika kutu na ya kuijua wilaya. Haikupi haki ya kuajiriwa hapo, na mkuu wa shule anayekuahidi kwamba “utaingizwa tu” anaahidi kitu kisicho chake. Jipangie kikomo, mihula miwili basi, na uendelee kuomba.

Simu moja kabla ya kuripoti

Ukishajua jina la shule, tafuta namba ya mkuu wa shule. Ofisi ya elimu ya halmashauri wanayo. Piga jioni, si saa za vipindi, na uanze kama mtoto aliyelelewa:

“Shikamoo Mkuu. Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati niliyepangiwa kwako. Naomba unielekeze namna ya kufika.”

Atafurahi kuliko unavyodhani. Wakuu wa shule hawa wamezoea kupangiwa walimu wasiofika. Mwachie aeleze, kisha uliza polepole. Mvua zikinyesha gari linafika? Kusini magharibi mvua ni moja ndefu, Novemba mpaka Aprili, na kuna barabara ambazo miezi hiyo ni za bodaboda tu. Kuna nyumba ya mwalimu, au napanga kijijini? Maji ni ya bomba, kisima au ya kununua kwa madumu? Umeme ni wa TANESCO au sola? Mtandao gani unashika? Zahanati iko wapi? Nitakuwa na vipindi vingapi, na mwenzangu wa sayansi ni nani?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Akijibu “uko peke yako, mwalimu”, maana yake ni Fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne, na huenda Hisabati juu yake. Hiyo si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kubeba vitabu, maazimio ya kazi na mitihani ya zamani kwenye simu na kwenye flashi, kwa sababu hutakuwa na wa kumwazima.

Mwalimu wa kike aulize zaidi: nyumba ina uzio au jirani? Kuna walimu wengine wa kike? Umbali wa usiku kutoka bweni hadi nyumbani ni upi? Mkuu mwenye akili atajibu bila kuona haya. Anayecheka swali hilo amekujibu pia.

Maabara utakayoikuta

Kati ya mwaka 2014 na 2015 nchi nzima ilihimizwa kujenga maabara 3 kila sekondari ya kata: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kuna zilizokamilika na kufungwa gesi na maji, kuna zilizogeuzwa madarasa, na kuna maboma. Hivi karibuni mradi wa SEQUIP umeongeza shule mpya, zikiwemo za wasichana za sayansi za kila mkoa, na ukipangiwa mojawapo utakuta vifaa ambavyo hata shule za mjini hazina. Lakini jiandae kwa ile nyingine: chumba kimoja, kabati lenye vumbi, na ufunguo ambao hakuna anayejua uko kwa nani.

Wiki ya kwanza, omba ufunguo huo. Toa kila kitu mezani, hesabu, andika kwenye daftari la mali ya maabara. Chupa isiyo na lebo usiinuse wala usiionje, itenge. Kisha weka daftari lako sambamba na mazoezi yanayorudi kila mwaka kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne: taitresheni na utambuzi wa chumvi kwa Kemia, vipimo vya vyakula kwa Baiolojia, bembea, springi, kioo na umeme kwa Fizikia. Kinachokosekana kiombe kwa barua mapema mwanzoni mwa mwaka. NECTA huleta maelekezo ya maandalizi saa 24 kabla ya mtihani wa vitendo. Mwalimu anayegundua siku hiyo kwamba bureti zote zinavuja hana duka la kukimbilia. Duka la kemikali liko Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam.

Kwa kufundishia, si kwa mtihani, mazingira yana vingi. Iodini ipo duka la dawa, na kipande cha muhogo kitakuonyesha wanga kikigeuka bluu-nyeusi mbele ya darasa zima. Mrututu wa wakulima ni salfeti ya shaba ileile ya kwenye vitabu. Wachemsha sabuni wana kostiki soda, na hivyo viwili tayari vinakupa kipimo cha protini kwa maji ya maharage au ute wa yai. Maua makavu ya choya yakilowekwa kwenye maji ya moto hutoa rangi nyekundu. Gawa kwenye glasi mbili, moja kamulia limau, nyingine tia maji ya majivu yaliyochujwa: ya kwanza inabaki nyekundu, ya pili inaingia kijani. Nati iliyofungwa kwenye uzi chini ya tawi la mwembe ni bembea kamili, simu yako ikiwa saa ya kupimia, na wanafunzi wakivuta uzi kutoka sentimita 50 hadi 100 watachora grafu yao wenyewe. Asidi ya betri iache kwa fundi betri mpaka uwe na miwani, maji mengi karibu na darasa linalotii, na hata hapo ni asidi inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Kikwazo kikubwa kuliko kabati tupu ni lugha. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani ni Kisukuma au Kifipa, na wewe unaanza kumweleza kani na msukumo kwa Kiingereza. Waliodumu kwenye shule hizi huandika istilahi 5 ubaoni kila kipindi, wanazitamkisha, wanazieleza kwa Kiswahili, ndipo wanaingia kwenye somo. Mkaguzi anaweza kununa. Matokeo hayanuni.

Pesa za miezi ya kwanza

Barua ya ajira hukupa siku 14 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ukiwa na vyeti halisi, fomu ya uchunguzi wa afya na picha. Usiende moja kwa moja shuleni. Unaripoti halmashauri, unajazwa kwenye mfumo, na kutoka hapo unasubiri cheki namba. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mwezi, pengine zaidi, ingawa malimbikizo hulipwa. Fedha za kujikimu ni haki yako kama mwajiriwa mpya. Omba kwa maandishi siku ya kuripoti na utunze nakala. Hata hivyo ondoka nyumbani na akiba ya kula miezi 2, godoro jepesi, chandarua na sufuria mbili. Samani utazikuta kwa fundi wa kijijini, tena za mninga, kwa bei ambayo mjini hupati hata mbao tupu.

Usikope kwa kutazama mshahara ulioandikwa kwenye barua. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. PSSSF ni 5, NHIF ni 3, Chama cha Walimu ni 2 kwa mwanachama, na kodi inakuja juu yake. Maafisa wa mikopo wanajua tarehe ya walimu wapya kuliko walimu wenyewe, na watakufuata hadi ofisini. Ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu imepata jina lake kwa haki. Sheria inataka ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, ila huyo wa mtaani anayeshika kadi yako ya benki haijui sheria hiyo.

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, miezi 12, ndipo unathibitishwa kazini. Usidhani itatokea yenyewe: kumbusha, na hakikisha jalada lako Tume ya Utumishi wa Walimu lina kila barua, kwa sababu kupanda daraja kwako kutahesabiwa humo. Kuhusu kuhama, serikali imesisitiza mwajiriwa mpya akae kituoni angalau miaka 3. Baada ya hapo kuna uhamisho wa kawaida, wa kumfuata mwenza na wa kubadilishana. Mwalimu wa sayansi hubadilishana kwa shida, kwa kuwa mkurugenzi hakubali kumwachia wa Fizikia apokee wa Historia. Atakayebadilishana na wewe lazima awe na somo lako, na anayetaka kutoka Kinondoni kuja Mlele, Katavi, hutampata kirahisi. Ingia ukijua hivyo.

Kijijini, salamu ni sehemu ya kazi. Jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wiki ya kwanza, na pale kwenye Wasukuma wengi, “mwangaluka” yako ya asubuhi itakuletea maziwa mlangoni kabla mshahara haujafika. Wazazi hao ndio utakaowaomba wachangie chakula cha kambi ya kidato cha nne.

Basi, kama una Fizikia au Hisabati, huna familia inayotegemea uwepo wako wa kila siku, na unataka kushika maabara yako mwenyewe ukiwa na umri ambao mjini ungekuwa bado unamsaidia mwalimu mwingine kusahihisha, nenda. Kama una mzazi mgonjwa unayemuuguza mwenyewe, au matibabu yako yanahitaji hospitali ya rufaa kila mwezi, usikubali kisha ukakaa kimya nyumbani. Omba shule binafsi iliyo karibu, na kama umeshapangiwa mwandikie mwajiri barua ya kukataa ndani ya zile siku 14, ili nafasi ipewe mwingine na wale watoto wasipoteze mwaka wakikusubiri.